Sitara Si Kuficha Maradhi: Kifua Kikuu, VVU na Huduma za Vituo Vyetu vya Afya

Sifa zote njema zinamstahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), pamoja na ahli zake na Swahaba zake.

Ama ba'ad,

Maswali tunayoulizwa na ndugu zetu wa Unguja na Pemba kuhusu kifua kikuu (TB) na Virusi vya Ukimwi (VVU) yanafanana sana. Kuna anayeuliza vipi atampeleka baba yake kupima kikohozi bila ya mtaa mzima kujua. Mwengine anataka kujua kama mchumba ana haki ya kudai kipimo cha damu kabla ya nikaha. Wapo wagonjwa wanaouliza kuhusu vidonge na funga, na wapo wazazi wanaouliza wafanye nini mtoto wao alipofanyiwa udhalilishaji. Ukiyatazama vizuri, chini ya maswali yote haya kuna jambo moja, nalo ni kuogopa aibu. Watu wetu hawakosi hospitali, wala hawakosi dawa. Wanachokiogopa ni kuonekana wameingia.

Kwa hivyo tumeona ni vyema tueleze mambo mawili kwa pamoja: nini hasa hufanyika katika vituo vyetu vya afya, na sheria inasema nini juu ya mtu anayeyaficha maradhi yanayoambukiza.

Sitara ni nini, na kuficha ni nini

Sitara ni katika tabia njema za watu wa visiwa hivi, na asili yake ni mafundisho ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aliyetufundisha kuwa anayemsitiri Muislamu mwenzake, Allaah atamsitiri duniani na Akhera. Lakini sitara ni kuhifadhi heshima ya mtu. Kuyaficha maradhi yanayopita kwa mwengine ni kumwachia mke, mtoto au jirani dhara ambalo yeye halijui na hana njia ya kujikinga nalo. Sheria imeamrisha la mwanzo na imekataza la pili, kwani ni katika misingi ya Fiqhi kuwa Muislamu hadhuru wala halipizi dhara kwa dhara. Na katika Suwrat Al-Baqarah, Aayah ya 195, Allaah ametukataza tusijitumbukize katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Upo mfano mzuri katika Siyrah unaokusanya mambo yote mawili. Ulipokuja ujumbe wa kabila la Thaqiyf kumpa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ahadi ya utiifu, miongoni mwao alikuwemo mtu mwenye ukoma. Mtume alimpelekea habari kuwa ahadi yake imekwishapokelewa, basi arejee. Imepokewa na Imaam Muslim. Mtu yule hakufukuzwa, hakutangazwa mbele za watu, wala hakunyimwa haki yake ya Uislamu. Na wakati huo huo watu waliokuwepo hawakuwekwa katika hatari. Ndivyo inavyotakiwa tuwe na wagonjwa wetu.

Wazee wetu nao walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Wanaosema hakuna kuambukizana

Wapo wanaoshika Hadiyth inayokanusha kuambukizana, wakaona kwamba kupima na kujikinga ni udhaifu wa imani. Hawakuisoma yote. Katika riwaya ya Al-Bukhaariy, baada ya maneno hayo Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ameamrisha mwenye ukoma akimbiwe kama anavyokimbiwa simba. Na katika Hadiyth nyengine amekataza ngamia wagonjwa wasichanganywe na wazima. Wanachuoni wamezikusanya Hadiyth hizi kwa kusema kuwa kilichokanushwa ni itikadi ya zama za ujahili, kwamba maradhi yanapita yenyewe bila ya idhini ya Allaah. Ama sababu, ipo, na tumeamrishwa kuichunga.

'Umar bin Al-Khattwaab (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipokuwa njiani kwenda Shaam, alifika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kuwa tauni imeingia huko. Aliwataka ushauri Muhaajiruwn, kisha Answaar, kisha wazee wa Quraysh, halafu akaamua kurudi na watu wake. Abu 'Ubaydah (Radhwiya Allaahu 'anhu) alimuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allaah, na 'Umar akamjibu kuwa anaiwacha Qadar moja na kwenda kwenye Qadar nyengine ya Allaah huyo huyo. Kisha 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf akawapa Hadiyth ya Mtume kuwa mtu asiingie katika nchi yenye tauni, na aliyemo asitoke kuikimbia. Basi aendaye kupima ana mfano wa kufuata katika Swahaba.

Kifua kikuu: dalili na kipimo

Kifua kikuu kinasababishwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari wa Kijerumani Robert Koch, ambaye alitangaza ugunduzi wake tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo maana tarehe hiyo kila mwaka ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Si uchawi, si kijicho, wala si maradhi ya ukoo. Yanaonekana kurithiwa kwa sababu watu wa nyumba moja wanavuta hewa moja.

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza, vijidudu hutoka na kubaki hewani, hasa katika chumba kilichofungwa madirisha. Havipiti kwa kula sinia moja, kwa kupeana mkono wala kwa nguo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka katika wale anaokaa nao karibu. Shirika hilo limekadiria kuwa katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua maradhi haya duniani, na milioni 1.25 walifariki. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB.

Dalili za kuangalia ni kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, kutoka jasho jingi usiku, kupungua mwili, kukosa hamu ya kula, na mara nyengine kukohoa damu. Kwa mtoto mdogo dalili kubwa huwa ni kutoongezeka uzito na kuwa mnyonge. Na TB haikai kifuani tu. Inaweza kushika matezi, mifupa ya mgongo au utando wa ubongo.

Mtu akifika kituoni, jambo la kwanza ni maswali. Ataulizwa anakohoa tangu lini, anatoka jasho usiku, na kuna aliyewahi kuugua TB nyumbani. Akionekana ana dalili, hupewa kikopo cha kutolea makohozi. Makohozi yanayotakiwa ni yale ya kutoka ndani ya kifua, si mate ya mdomoni, na mtu huyatoa pembeni, mahali penye hewa. Vituo vyenye mashine ya GeneXpert hupata jibu kwa muda wa saa 2 hivi, na mashine hiyo huonesha pia kama vijidudu ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Kituo kisicho na mashine hupeleka sampuli panapohusika. Mara nyengine huongezwa picha ya kifua, na kwa watoto wasioweza kutoa makohozi daktari hutumia njia nyengine. Katika vituo vya Serikali kipimo na dawa za TB ni bure.

Mama anayekwenda kupima ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake anapopatikana. Asipopatikana, hapana ubaya kuhudumiwa na mwanamme kwa kiasi cha haja, awepo mahramu wake au mwanamke mwengine ili isiwepo khalwa. Kukosekana kwa mhudumu mwanamke si udhuru wa kurudi nyumbani na kikohozi.

Dawa za miezi 6

TB ya kawaida inatibiwa kwa miezi 6. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa hutumia mchanganyiko wa dawa 4, na miezi 4 inayofuata hubaki dawa 2. Baada ya wiki chache wagonjwa wengi hujiona wazima. Kikohozi kimeondoka na mwili umerudi. Hapo ndipo panapoharibika mambo, kwa sababu mtu huona vidonge vimekwisha kazi. Anayeacha katikati huviacha vijidudu vichache vilivyo na nguvu, vikarudi vikiwa sugu, na TB sugu matibabu yake ni magumu zaidi. Na akimwambukiza mtoto wake, mtoto huyo anaanza na maradhi sugu tokea siku ya kwanza.

Kwa ajili hiyo mgonjwa hutakiwa awe na msimamizi wa dawa, na mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Hapa sitara inawezekana kabisa. Anahitajika mtu mmoja mwaminifu, mke, kaka au mtoto mkubwa, si ukoo mzima. Ndugu zetu wavuvi waendao dago na wanaohamia kambi za karafuu wakati wa msimu wawaeleze wahudumu mapema, wapangiwe dawa au kituo watakachochukulia huko waendako. Msimu wa karafuu ukifika, safari haikatazwi, lakini vidonge visibaki nyumbani.

Asali, habbat sawdaa na ruqyah ya kisheria ni mambo ya kheri, wala hatumkatazi mtu. Lakini Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliyetufundisha hayo ndiye aliyetuamrisha kutafuta dawa, akatueleza kuwa Allaah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Anayemwambia mgonjwa wa TB aache vidonge ili kisomo kifanye kazi amemdhulumu, na ikiwa mgonjwa huyo atakufa, basi ana la kujibu mbele ya Mola wake.

Anapopatikana mgonjwa ndani ya nyumba, waliokaa naye wote wapimwe. Watoto walio chini ya miaka 5 ambao hawajaugua hupewa dawa ya kinga. Chanjo ya BCG anayochomwa mtoto anapozaliwa humkinga zaidi na aina kali za TB za utotoni. Haimaanishi kuwa hatougua maisha yake yote.

VVU: kupima, dawa na kinga

Mgonjwa wa TB hushauriwa kupima VVU pia, na mwenye VVU huulizwa kuhusu kikohozi kila anapofika kliniki. Hili huwaudhi baadhi ya watu wakadhani wametuhumiwa zinaa. Sivyo. VVU hudhoofisha kinga ya mwili, na TB ndiyo inayoua zaidi miongoni mwa watu wenye VVU. Daktari asiyeuliza ndiye aliyefanya uzembe.

Kwetu Zanzibar kiwango cha VVU kwa watu wazima kimekuwa chini ya asilimia 1, na hili ni la kumshukuru Allaah. Lakini uchache huu una upande mwengine. Aliyepata maradhi hujiona yuko peke yake, na watu wa karibu naye hawana mazoea ya kuishi na mgonjwa, hivyo aibu huwa nzito zaidi na wengi huchelewa kupima. Pia si kila mwenye VVU alifanya maasi. Wamo wake waliotulia majumbani mwao, na wamo watoto waliozaliwa nayo.

Kipimo chenyewe ni tone la damu la kidole, na jibu hupatikana kwa muda mfupi, kiasi cha dakika 20. Kikionesha dalili ya maambukizi, hufanywa kipimo cha pili cha aina nyengine kabla ya mtu kuambiwa jibu. Aliyejiweka hatarini siku za karibuni hutakiwa arudie hadi ipite miezi 3, kwani maambukizi mapya huenda yasionekane mwanzo. Majibu ni siri baina ya mpimaji na mpimwa. Anayethibitika kuwa na VVU huanzishiwa dawa za ARV bila ya kungojea augue, nazo ni bure. Akizitumia kila siku na kipimo kikaonesha virusi havionekani kwenye damu yake, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya tendo la ndoa. Haya ni mambo yaliyothibitika kwa tafiti kubwa, na yamebadilisha maisha ya wanandoa wengi.

Mama mjamzito hupimwa anapoanza kliniki, na tunawahimiza waume wafuatane na wake zao wakapime pamoja. Bila ya huduma yoyote, mama mwenye VVU ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mtoto katika mimba, uzazi au kunyonyesha. Kwa dawa, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Mume anayemkataza mke wake kupima kwa kuogopa maneno ya watu amemweka mtoto wake mwenyewe rehani.

Kinga ya mwanzo ya Muislamu ni kujihifadhi na zinaa, na hatuna la kubadilisha katika hilo. Lakini virusi havipiti kwenye zinaa pekee. Wapigaji wa chuku na hijaamah watumie kiwembe kipya kwa kila mtu na kukitupa. Wanaotahiri na wanaotoga masikio wafanye hivyo hivyo. Tohara ya wanaume hupunguza kwa kiasi cha asilimia 60 hatari ya mwanamme kuambukizwa na mwanamke, lakini hupunguza tu, na vijana wetu wasidanganyike kuwa wamekingwa.

Na wapo watoto wetu waliotumbukia katika madawa ya kulevya, wanaochangia sindano. Kuwafukuza nyumbani hakuwaponyi wao wala hakuzuii maambukizi. Katika hospitali ya Kidongo Chekundu ipo huduma ya methadoni, dawa inayotolewa chini ya usimamizi ili kumwachisha kijana heroini na sindano. Baadhi ya wazazi wanauliza kama ni halali. Tunasema kuwa ni tiba inayosimamiwa na madaktari, na katika Fiqhi madhara mawili yakikutana huchukuliwa lililo jepesi ili kuliondoa lililo zito.

Saa 72

Hapa tunaomba wazazi wasome kwa makini. Mtoto, msichana au mtu yeyote aliyebakwa au kulawitiwa anaweza kupewa dawa za kuzuia VVU, kwa sharti zianze ndani ya saa 72, na kila zikianza mapema ndivyo inavyokuwa bora. Hutumiwa kwa siku 28. Baada ya saa 72 mlango huo hufungwa.

Saa hizo mara nyingi hupotea katika vikao vya kifamilia. Wazee wanakutana, inatafutwa sulhu, mtoto anakogeshwa na nguo zinafuliwa, na linasemwa neno sitara. Tunasema wazi kuwa hiyo si sitara. Sulhu haina nafasi mbele ya mtoto aliyedhulumiwa mwili wake, na anayemficha mdhalimu amemsaidia katika dhulma. Mpelekeni mtoto hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kukogeshwa, na nguo zake msizifue. Vituo vya Mkono kwa Mkono katika hospitali zetu vimewekwa kwa ajili hii, ili matibabu, ushauri na taarifa za polisi vipatikane mahali pamoja, na mtoto asizungushwe akihadithia kila dirisha.

Kabla ya nikaha na ndani ya ndoa

Kupima si nguzo ya nikaha. Nguzo zake zinajulikana: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Ndoa iliyofungwa bila ya kipimo ni sahihi. Lakini mchumba ana haki ya kutaka kipimo, na tunaipendekeza sana, kwa sharti kwamba majibu ni ya wawili hao. Si ya barza, wala si ya mshenga kuyapeleka kwa mashoga na majirani. Atakayeamua kuacha uchumba baada ya majibu aseme kuwa haikuwa riziki, na anyamaze. Hapo ndipo mahali hasa pa sitara.

Anayejua kuwa ana VVU akaoa au akaolewa bila ya kumueleza mwenzake amefanya ghushi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha mwaka 1995 huko Abu Dhabi, liliamua kuwa kuwaambukiza watu kwa makusudi ni haramu na ni katika madhambi makubwa. Liliamua pia kuwa si lazima kisheria kumtenga mgonjwa, kwa kuwa maradhi haya hayapiti kwa kuishi pamoja, kugusana wala kula pamoja, na kwamba mke ana haki ya kuomba kutenganishwa na mume aliyeambukizwa.

Lakini kuwa na haki ya kuachana si kuamrishwa kuachana. Wanandoa wengi wanaendelea kuishi kwa wema, mgonjwa akitumia dawa zake. Mipira ya kondomu baina ya mume na mke kwa ajili ya kujikinga inafaa, kwa kukisia na 'azl iliyokuwa ikifanywa na Swahaba zama za Mtume. Na wawili wote wenye VVU hakuna kinachowazuia kuoana, na kuwakutanisha ni kuwasaidia.

Ramadhaan, Swalah na twahara kwa mgonjwa

Kutolewa damu ya kipimo hakubatilishi Swawm katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy (Rahimahu Allaah), na kutoa makohozi na kuyatema hakubatilishi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kinachobatilisha ni kuyameza kwa kusudi baada ya kufika mdomoni. Kutapika kulikomshinda mtu nako hakubatilishi. Basi mtu asiahirishe kipimo kwa ajili ya Ramadhaan.

Ama vidonge, kumeza mchana hubatilisha. Mgonjwa wa TB aliye dhaifu, au ambaye daktari amemwambia kufunga kutamdhuru, ale na alipe siku zake akipona. Ruhusa hiyo imo katika Suwrat Al-Baqarah, Aayah ya 184 na 185, na kuipokea ruhusa ya Allaah ni ibada. Mwenye nguvu amuulize mtoa dawa kama inawezekana kuhamishia vidonge usiku. Wengi wanaotumia ARV mara 1 kwa siku huweza kupangiwa saa ya usiku na wakafunga vizuri. Lisilofaa ni mgonjwa kujibadilishia saa mwenyewe, au kuacha dawa mwezi mzima.

Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au nyekundu, na wakati mwengine hata jasho na machozi. Wagonjwa hushtuka wakidhani ni damu. Ni rangi ya dawa. Mkojo ni najisi kama kawaida yake, na jasho na machozi ni twahara, hata yakiacha alama kwenye kanzu.

Mgonjwa wa TB ya mapafu katika wiki za mwanzo za dawa, kabla hajaambiwa na daktari kuwa hawezi tena kuambukiza, aswali nyumbani. Ana udhuru wa jamaa na wa Ijumaa. Ikiwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimzuia na msikiti aliyekula kitunguu thomu kibichi kwa harufu tu, basi dhara la maradhi ni kubwa zaidi. Akiruhusiwa, arudi safuni mahali pake, na asiwepo wa kumsogelea mbali.

Nyumba, chuo na msikiti

Madirisha ya vyumba vya kulala yafunguliwe, na mgonjwa alale chumba chenye hewa, avae barakoa anapokaa na wengine katika wiki hizo za mwanzo, azibe mdomo anapokohoa. Vyombo vyake havihitaji kutengwa.

Walimu wa vyuo wachunge vikohozi vya wanafunzi na vyao wenyewe, hasa katika vyuo ambavyo watoto hulala ndani. Mwalimu anayekohoa wiki 2 aende kupima kabla ya kuendelea kuwasomesha watoto katika chumba kimoja. Maimamu wazungumze haya kwenye khutba bila ya kumtaja mtu na bila ya kupiga mafumbo ambayo waumini watayafungua wakitoka mlangoni.

Wanaoosha maiti wavae glavu kwa kila maiti, si kwa yule anayesemwa peke yake. Muislamu aliyekufa na VVU huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa kama Waislamu wengine.

Na wahudumu wa afya wajue kuwa siri ya mgonjwa ni amana. Mhudumu anayetoa siri mara moja huwafukuza watu wa shehia nzima wasikanyage tena kituoni. Tunapotaka watu wasifiche maradhi, lazima na sisi tuwape mahali pa kuyasema.

Ikiwa nyumbani kwako yupo anayekohoa wiki ya pili sasa, mpeleke kituo kilicho karibu kesho asubuhi. Usingoje apungue mwili mpaka wageni waanze kuuliza.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) awaponye wagonjwa wetu, awasitiri Waislamu, na azilinde nyumba zetu na kila dhara lililo dhahiri na lililofichika. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.